Karatasi Namba Thelathini na Moja

Mpendwa binti yangu Kiden,

Karatasi namba thelathini na moja imerudi. Imeletwa jana mchana na msichana ambaye hukuwahi kumwona, na tangu aondoke sijashika randa. Mama yako amepita karakana mara tatu, ameniangalia, amerudi jikoni. Mara ya nne alinipa daftari na kalamu. "Mwambie mwenyewe," alisema. "Mimi umeniambia ya kutosha."

Kwa hiyo nakuandikia, na nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea mimi na wewe. Kibari ni cha mama yako na cha kanisani, Kiarabu cha Juba ni cha sokoni. Kiswahili tulikiokota sisi wawili kule Uganda, kwenye karakana ya yule fundi Mkenya aliyenifundisha kazi, watoto wengine wakiwa shule na wewe ukiwa mtoto wa kukaa juu ya maranda ya mbao na kuyavaa kama bangili. Naiacha barua hii wazi ili wenzako wa chuo nao waisome. Wengine wamesoma kwa karatasi zako na hawajui zilianzaje.

Zilianza na mfuko wa sukari. Ulikuwa mwaka wako wa kwanza katika chuo cha wakunga. Uliingia hapa nyumbani, mtaa wetu wa Hai Malakal hapa Juba, umeubeba begani, mama yako akafurahi, akaleta bakuli. Ulipoufungua zikatoka karatasi. Mitihani ya miaka iliyopita, mingine imeliwa pembe na panya, pamoja na madaftari ya watu waliokwisha kumaliza na kuondoka. Mama yako alirudi na bakuli lake jikoni akinung'unika.

"Kiden," nilikuuliza, "huu si wizi?"

Ulicheka. "Baba, mtihani ukishafanywa hauna mwenyewe. Walimu wanajua, hata wao wanatupa. Maktaba ina kitabu kimoja cha ukunga na sisi ni darasa zima. Ukikipata, ukurasa unaoutaka umechanwa. Haya maswali ndiyo yanatuambia kile kitabu kilikuwa kinasema nini."

Sikuelewa sana. Mimi niliishia darasa la saba, na mtihani kwangu ulikuwa kitu cha kuogopa na kusahau. Kusoma Kiingereza naweza, polepole, kidole kikiwa kwenye mstari. Lakini ulipoomba sanduku, hapo nilielewa vizuri kabisa. Nilienda soko la Malakia nikapata mbao za makreti ya mizigo, nzuri, zisizo na mafundo mengi. Nikapima karatasi moja kwa futi kamba: sentimita ishirini na moja kwa karibu thelathini. Kisha nikaongeza unene wa kidole kila upande.

"Mbona unaharibu mbao?" uliuliza.

Nikakuambia karatasi nayo huvimba mvua ikinyesha. Ukiibana itang'ang'ania, na mtu akija kuivuta ataichana. Ulitoa daftari lako ukaliandika hilo. Ulikuwa unaandika kila kitu, hata maneno ya seremala.

Nilikuwekea vigawanyo vitatu, kimoja kwa kila mwaka wa masomo, na kifuniko chenye bawaba mbili za shaba. Wewe ukazipa karatasi namba, kila moja kwenye duara dogo pembeni juu. Kisha ukatunga sheria yako, ukaipigilia kwenye nguzo ya rakuba, kile kibanda chetu cha nyasi mbele ya nyumba ambako wenzako walikuja kukaa. Ilisema hivi: achukuaye karatasi airudishe na jibu moja aliloliandika mwenyewe, na jina lake chini. Ikiwa jibu lipo tayari, aongeze lililopungua au aseme lilikosewa wapi.

Nilikuwa nafanya kazi hatua chache tu kutoka hapo, nikawasikia kutwa. Lado ndiye aliyekuwa akikusumbua. Lado alikuwa anaendesha boda asubuhi ili alipe ada, anafika na vumbi mpaka kwenye kope.

"Lado, umerudisha karatasi tupu."

"Nimejibu moyoni, Kiden."

"Moyo wako hausomeki. Kaa chini uandike."

"Ya Mama Kiden!" alipaza sauti kuelekea jikoni. "Huyu mtoto wako ananitesa, na mimi sijala!"

"Andika kwanza," mama yako alijibu kutoka ndani, "halafu utakula."

Unakumbuka ile ya Tabitha? Mimi naikumbuka na kucheka peke yangu, watu wakidhani uzee umenifika. Kulikuwa na swali la kifafa cha mimba, na wewe siku hiyo ulikuwa umechoka. Ulijibu nusu, halafu pale majibu yako yalipoishia ukaandika: Muulize Tabitha. Maana Tabitha, rafiki yako wa Nyakuron, ndiye aliyelisikiliza vizuri somo lile. Karatasi ikazunguka. Watu wakaikariri neno kwa neno, kama mnavyokariri. Mtihani ulipokuja, swali lilelile likarudi, na wanafunzi tisa wakaandika hatua zako kwa mpangilio mzuri, na mwisho wakamalizia: Muulize Tabitha.

Mwalimu wenu alisimama mbele ya darasa na yale makaratasi. Ulituigizia sauti yake ukiwa umeshika mwiko wa mama yako. "Mgonjwa anatupa mikono. Macho yamegeuka. Na ninyi mnaniambia nimuulize Tabitha. Huyu Tabitha ni nani?" Tabitha akasimama. Mwalimu akaitafuta karatasi yake, akaisoma kimya, akavua miwani. "Na wewe pia," akasema, "umeandika tumuulize Tabitha."

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Lakini baada ya kula ulinifuata karakana, uso wako umebadilika. "Baba, yule mama wa kifafa angekufa," ulisema. "Angekuwa mtu wa kweli, angekufa huku tunamwita Tabitha." Kesho yake ulinunua kalamu nyekundu. Cha kukariri kikaandikwa kwa bluu, cha kwenda kuulizia, masahihisho na maelezo mengine kwa nyekundu.

Kuna jambo jingine dogo la siku hizo ambalo sikulipa maana. Nilikuwa napaka vanishi meza ya mtu, kwa kitambaa, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni.

"Baba, rudia."

"Nirudie nini?"

"Hivyo unavyozungusha."

Nikazungusha. Ukaja ukaweka mkono wako juu ya wangu, ukauacha uende nao. Uliuliza kwa nini situmii vidole. Nikakuambia vidole vinaacha mistari. Kazi hii ni ya kiganja kizima, duara juu ya duara, uzito uleule, na huachi mpaka uihisi imeshika. Uliuliza, "Unajuaje imeshika?" Nikasema, inagoma. Inakuwa ngumu chini ya mkono. Ukaitika, ukaondoka, nami nikaendelea na meza.

Kisha vita, ambavyo tulidhani vimebaki huko kaskazini, kwenye miji ya Malakal na Bentiu, vikaingia mjini. Wewe ulikuwa na malaria siku mbili tayari. Uliijua dawa unayoihitaji kwa jina lake na kipimo chake. Ulinitajia, nikaviandika kwa penseli ya kazi kwenye kipande cha ubao. Duka la dawa lilikuwa mwendo wa dakika kumi. Dakika kumi hizo hazikupitika kwa siku nne.

Siku ya tatu nilisugua viganja vyangu vipate joto kabla ya kukugusa paji la uso, kama nilivyofanya tangu uzaliwe, kwa sababu mikono ya seremala ni baridi na inakwaruza. Uliisikia ile sauti ya kusugua ukafungua macho. "Baba," ulisema, "leo mwenye joto ni mimi." Ukatabasamu kidogo. Sijasikia tena neno kutoka kwako. Kipande kile cha ubao ninacho. Sijakipiga randa.

Tulikuzika nyuma ya nyumba, haraka, watu wanne tu. Halafu tukakimbilia uwanja wa kanisa na tulichoweza kubeba. Tuliporudi, mlango wa nyumba haukuwepo. Vitanda, masufuria, misumeno yangu yote, mkebe wa picha tuliokuja nao kutoka Uganda, vyote vilikuwa vimekwenda. Hata bawaba za madirisha. Sanduku lako waporaji walikuwa wamelipindua na kumwaga kilichokuwa ndani, na walipoona ni karatasi wakazikanyaga wakaendelea. Moja ina alama ya buti mpaka leo. Mama yako na mimi tulipiga magoti tukaziokota moja moja, tukazifuta, tukazipanga kwa namba. Hakuna aliyesema, lakini wote wawili tulijua. Picha yako hatukuwa nayo hata moja. Mwandiko wako ndio uliobaki.

Nikafunga sanduku. Nikaweka kufuli.

Chuo kilipotangaza kufungua tena, Tabitha na Lado walikuja. Tabitha amekonda. Walikaa kwenye mkeka wa kuazima, wakaeleza taratibu. Mitihani inakaribia. Duka la kunakilisha karibu na chuo limevunjwa, mashine imebebwa. Madaftari ya watu yameungua. Wanaomba karatasi.

"Hapana," nilisema.

"Baba, ni za kusoma tu, tutarudisha."

"Mtarudisha kutoka wapi? Kila siku malori yanapeleka watu mpakani. Leo uko hapa, kesho uko Uganda, na karatasi iko na wewe. Sanduku hili ni la marehemu."

Lado alifungua mdomo, Tabitha akamgusa goti. "Sawa, Baba. Malesh, haidhuru," Tabitha akasema. Wakaaga, wakaenda. Nilijiona nimekulinda.

Siku zile sikuwa na zana za kufanyia kazi, kwa hiyo nilianza kuzisoma. Asubuhi nakaa kwenye rakuba, kidole kwenye mstari. Mwanzoni nilitafuta wewe tu. Naruka maandishi ya wengine, nafika kwako, nasimama. Nilizijua herufi zako kama ninavyojua alama ya msumeno wangu. Lakini huwezi kusoma nusu ya ukurasa siku nyingi bila kuona nusu nyingine. Nikaanza kuona majina. Jina la mtu wa kwetu, chini yake jina la mtu wa Bor, chini yake jina la mtu wa Bentiu, mmoja anamsahihisha mwenzake kwa kalamu nyekundu, mwingine anaandika "asante, sasa nimeelewa." Kiden, siku hizo majina yale, kila moja likitaja kabila la mwenyewe, yasingekaa kwenye boda moja. Watu waliuliza jina lako kwanza, ndipo wakaamua kukufanya nini. Na hapa yalikuwa yamekaa kwenye ukurasa mmoja, yakibishana juu ya kondo la nyuma. Nilizaa mtoto, nikamlea, nikamjengea sanduku, na sikujua alikuwa anaweka nini ndani yake.

Nikafika thelathini na moja. Swali liliuliza utafanya nini mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Jibu lote lilikuwa lako, peke yako, kwa bluu. Ita msaada. Kanda mfuko wa uzazi. Hakikisha kibofu ni kitupu. Mpe mtoto titi. Andaa sindano. Na hapo penye kukanda uliandika kitu ambacho hakiko kwenye kitabu chochote. Nilikisoma mara nyingi mpaka nikawa na hakika ya Kiingereza chake. Uliandika: kama baba yangu anavyopaka vanishi. Si vidole. Kiganja kizima, duara juu ya duara, uzito uleule, usiache mpaka uhisi umekuwa mgumu chini ya mkono.

Niliita mama yako. Sikuweza kumtafsiria. Nikamwonyesha tu kwa mkono, hewani, na yeye akaelewa, akakaa chini.

Baada ya hapo Tabitha alikuja tena, na safari hii gari la kanisa lilikuwa limesimama njiani, injini inaunguruma, Lado kashikilia mlango usifungwe. Lilikuwa linapeleka unga kwenye ile kambi pembeni mwa mji, ambako watu wa upande ule wa Bentiu walikimbilia na hawakuweza kutoka. Nyamal alikuwa huko. Unamkumbuka Nyamal, yule mrefu aliyekuwa anakaa kwenye kona ya rakuba kwa sababu kichwa chake kiligusa nyasi.

"Kuna wanafunzi wenzetu huko, Baba," Tabitha alisema kwa haraka. "Na kuna akina mama wanazaa kila siku. Nyamal amepiga simu. Ameniambia, leteni karatasi zote mnazopata, na ile ya damu msiisahau. Dereva anatupa dakika kumi."

Dakika kumi. Hakujua anachokisema.

"Sina muda wa kunakili kwa mkono," aliongeza. "Na mashine hakuna. Ni hizo zenyewe."

Nilifungua kufuli. Nilikuwa nimeshabadilika kwa sababu ya yale majina. Ningetoa nyingi, na nilitaka kutoa. Lakini nilitangulia kuinama mimi, nikaichomoa thelathini na moja, nikaitia ndani ya shati kwenye tumbo. Halafu nikasimama kando.

Tabitha aliita namba akizipanga, maana ndivyo ulivyomzoeza. "Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na mbili." Akarudi nyuma. "Baba, thelathini na moja iko wapi?"

"Labda walioiba walichukua," nilisema.

Mimi, Kiden. Nilimdanganya rafiki yako machoni.

Tabitha alinitazama. Dereva akapiga honi. Mama yako alikuwa amesimama penye mlango usio na mlango, ameshika kitambaa cha vyombo, naye akasema polepole kwa Kibari, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi: "Sanduku ulilitengeneza kwa bawaba. Kama ulitaka likae limefungwa, si ungelipiga misumari?"

Niliitoa. Ilikuwa na joto la tumbo langu na imekunjamana. Nilitaka kuinyoosha kwanza, Tabitha akaipokea hivyohivyo kwa mikono miwili. "Itarudi," alisema.

"Ikirudi, irudi na jibu," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ilikuwa sheria yako.

Haikurudi. Tabitha alifaulu, Lado alifaulu, wakapangiwa kazi mikoani, na karatasi zilirejea chache chache, nne mara hii, mbili mara ile, kupitia watu nisiowajua. Nyamal na wenzake walitoka kambini wakavuka kwenda Uganda, na habari zao zikakatika. Nilipata zana nyingine, nikatengeneza mlango mpya. Sanduku niliacha bila kufuli. Miaka miwili thelathini na moja haikuonekana. Nilijiambia imeoza, imewashia mtu moto wa uji, na uji ni kitu chema. Lakini ukweli ni kwamba kila mtu aliyesimama getini na mfuko nilimtazama mkono kabla ya uso.

Jana nilikuwa napaka vanishi kiti. Msichana akasimama palepale mlangoni ulipozoea kusimama wewe. Mfupi, mtandio wa bluu, viatu vimetoka safari. Hakusalimu. Alitazama mkono wangu ukizunguka, akautazama muda mrefu, nikaona midomo yake inahesabu.

"Mzee," alisema, "wewe ndiye ule wa vanishi?"

Kitambaa kiliniponyoka.

Anaitwa Viola. Amekulia kwenye makazi ya wakimbizi Uganda, na Kiswahili chake ni kile cha huko. "Mimi iko na kitu yako," alisema, akatoa bahasha ya plastiki, na ndani ya plastiki kitambaa, na ndani ya kitambaa karatasi. Mikunjo ya tumbo langu bado ilikuwepo. Lakini haikuwa tena karatasi moja. Nafasi ilipoisha walikuwa wamebandika nyingine chini, na nyingine tena, kwa gundi ya unga, ikawa ndefu kama mtandio. Nilisoma majina. Nyamal wa kwanza. Kisha majina kumi na matatu ambayo sijawahi kuyasikia, kila moja na jibu lake. Mmoja ameandika: kama huna sindano, mtoto anyonye, anyonye tena. Mwingine: pokezaneni, mtu mmoja huchoka. Mwingine kwa nyekundu: hii nimeifanya mara mbili. Na juu kabisa, herufi zako, zimefifia lakini zinasomeka, na mtu amezipitishia mstari wa penseli kwa uangalifu zisipotee.

"Huko kwetu," Viola alisema, "tunaiita mkono wa fundi. Nyamal anatufundisha, anasema, fanyeni mkono wa fundi. Mimi nilifikiri ni hadithi tu. Nilifikiri hakuna fundi."

"Na umewahi kuufanya?"

Aliitazama mikono yake. Akaniambia juu ya mwanamke aliyejifungua mchana wa mvua, barabara imegeuka tope, gari la wagonjwa limekwama. Damu haikutaka kusimama. Viola na wanawake wawili walipokezana, duara juu ya duara. "Nilikuwa nalia huku nakanda," alisema. "Nikasema moyoni, usiache mpaka ikuwe ngumu. Usiache. Halafu ikakuwa ngumu, mzee. Chini ya mkono, kama mpira. Nikajua."

"Akapona?"

"Iko. Na mtoto iko. Kijana. Wamempa jina ya babu yake."

Nilifurahi kwamba ni jina la babu yake. Sijui nikuelezeje. Mama yule hajui kwamba ulikuwepo duniani, na anamwogesha mtoto wake.

Mama yako alileta chai. Viola akaeleza kwamba ameingia chuo chenu, na Nyamal alimwagiza: ukifika Juba, usifungue hata daftari kabla hujaipeleka Hai Malakal kwa mwenyewe, ndiyo sheria. Kisha akakizungusha kikombe, akasema lile lililokuwa nusu ya pili ya safari yake.

"Baba, na mimi naweza kuichukua tena? Darasa yangu haina kitu."

Nilikuwa nimeishika kwa dakika ishirini tu baada ya miaka miwili. Mama yako aliniangalia. Safari hii shati langu halikufunguka kifungo hata kimoja.

Nilimwambia asubiri. Nilimwambia kwamba hakuna karatasi inayotoka hapa bila jibu la aliyekuwa nayo, na mimi nilikuwa nayo kabla ya wote na sikuandika kitu. Nikachukua penseli yangu ya kazi. Nilifikiri sana. Mimi si mkunga, yote waliyoandika ni makubwa kuliko mimi. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa kwenye karatasi, hukuliandika kwa sababu hukuwahi kuliona kwa macho, ulilisikia tu ukiwa umefumba. Nikaliandika chini ya jina la mwisho, kwa Kiswahili, herufi kubwa: Sugua viganja kwanza vipate joto. Halafu ndipo umguse.

Nikatia jina kama ulivyoamuru. Baba Kiden. Kisha nikamwomba Viola kalamu nyekundu, nikaongeza pembeni: Muulize fundi, Hai Malakal.

Viola alisoma, akacheka, akaweka mkono mdomoni. Kumbe hata ile ya Tabitha wanaihadithia huko Uganda. "Baba," alisema, "wasije wakaiandika kwenye mtihani!"

Ameondoka nayo. Sanduku liko wazi kwenye rakuba, nimelipaka vanishi upya leo asubuhi, kiganja kizima. Pumzika, binti yangu. Ukisikia mtu anasugua mikono mahali fulani, ni sisi.

Aliyekufundisha kidogo ukamfundisha mengi,

Baba yako